Abu Mayanja: Wakili aliyeshinda kesi akarudishwa kizuizini

Kidodi yetu ni nchi ya miwa. Atokaye Mikumi kwenda Ifakara hupita kwetu kabla ya kuuvuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, na msimu wa mavuno ukifika hupishana na matrela ya miwa njia nzima. Barazani kwetu, baada ya swala ya Isha, habari za siasa hazikosi. Kila uchaguzi unapokaribia nasikia maneno mawili. La kwanza, kwamba mbunge ni wa barabara, maji na zahanati, basi. La pili, kwamba mwanasheria hafai kupelekwa bungeni kwa kuwa kazi yake ni kuuza maneno.

Leo nataka nimweleze msomaji habari za mtu mmoja aliyekwishatangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yananifanya niyakatae maneno yote mawili. Mtu huyo ni Abubakar Kakyama Mayanja wa Uganda, aliyejulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Abu Mayanja. Vijana wetu wengi hawamjui. Wazee waliokuwa wakifuatilia siasa za miaka ya sitini wanamkumbuka.

Abu Mayanja alizaliwa mwaka 1929 huko Ngogwe, Kyaggwe, katika ufalme wa Buganda. Kyaggwe nayo ni nchi ya miwa kama kwetu, kwani ndiko kuliko Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1924. Alizaliwa katika familia ya Kiislamu wakati ambapo shule za maana Uganda zilikuwa mikononi mwa wamisionari, Waprotestanti na Wakatoliki. Hali hiyo wazee wetu wa Tanganyika waliijua vizuri. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka elimu ya juu alilazimika kupita katika milango ya watu wengine. Mayanja alipita. Alisoma King's College Budo, shule ya Kanisa la Kianglikana iliyokuwa ikisomesha watoto wa machifu na wakubwa wa Buganda, akatoka humo akiwa Muislamu, tena mwenye ulimi mkali na kichwa chepesi. Kutoka Budo akaingia Makerere.

Mwaka 1952 ulikuwa mwaka wake. Mwezi Machi kilianzishwa chama cha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha kudai uhuru katika nchi ile. Rais wake alikuwa Ignatius Musazi, mtu mzima aliyekwishaonja jela na uhamisho wa wakoloni. Katibu Mkuu wake alikuwa kijana Mayanja, mwanafunzi wa Makerere ambaye hata miaka 23 hakuwa ametimiza. Hapa kwetu TANU ilikuwa bado miaka miwili kuzaliwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo wanafunzi wa Makerere waligoma kwa ajili ya chakula kibovu, na Mayanja akawa mbele. Chuo kikamfukuza.

Kwa kijana mwingine safari ingeishia hapo. Lakini Gavana wa Uganda wakati ule, Sir Andrew Cohen, aliona kwamba kijana kama huyu akiachwa mitaani Kampala atakuwa hatari zaidi kuliko akiwa darasani. Akasaidia apelekwe Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Mkoloni alidhani anamwondoa mchochezi, kumbe anamnoa. Mwishoni mwa miaka ya hamsini Mayanja alifuzu uwakili jijini London akarudi nyumbani.

Aliporudi alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Yeye aliyekuwa kijana wa kudai mabadiliko alikubali kuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Kabaka pale Mengo. Wapo waliosema amejiuza kwa wafalme. Wapo waliosema amekwenda kuwafungua macho watu wa Mengo wasijitenge na Uganda nyingine. Ninavyoona mimi, yote mawili yana ukweli ndani yake. Alikuwa mmoja wa waliosaidia chama cha Kabaka, Kabaka Yekka, kushikana mkono na UPC ya Milton Obote, na ni muungano huo uliomfanya Obote kuwa Waziri Mkuu na kuipokea bendera ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Baadaye Mayanja aliiacha kazi ya Mengo akawa mbunge katika Bunge la Uganda. Wakili akawa mtunga sheria.

Ndoa ya Obote na Mengo haikudumu. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha Baraza la Mawaziri, akaisimamisha Katiba na kumwondoa Kabaka Mutesa katika kiti cha urais. Mei 24 majeshi yaliishambulia ikulu ya Kabaka na Mutesa akakimbilia Uingereza, ambako alifia mwaka 1969. Hali ya hatari ilitangazwa Buganda. Naomba msomaji aishike hiyo hali ya hatari, kwa sababu tutakutana nayo tena.

Katikati ya mwaka 1967 serikali ilileta bungeni mapendekezo ya Katiba mpya, ya kufuta falme zote nne na kumpa Rais madaraka makubwa mno. Bunge liligeuzwa kuwa Bunge la Katiba, na mjadala ukaendelea mpaka Septemba. Wakati ule wabunge wengi walikuwa wamejifunza kunyamaza. Mayanja alisimama. Hakusimama kumlilia Kabaka. Alichambua vifungu kama wakili anavyochambua mkataba. Aliwaambia wenzake kwamba madaraka yote yakikusanywa katika mkono wa mtu mmoja, nchi itakuwa inategemea wema wa mtu huyo, na wema wa mtu si sheria. Alionya kuhusu kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Baadhi ya vifungu vililegezwa kabla ya kupitishwa, lakini mwili wa Katiba ulibaki uleule, nayo ikaanza kutumika tarehe 8 Septemba 1967.

Mwaka uliofuata Mayanja aliiandikia barua jarida la Transition. Jarida hili lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, Mganda wa asili ya Kihindi, na lilisomwa na wasomi wa Afrika kutoka Lagos hadi Cape Town. Picho Ali, mwanasheria aliyekuwa karibu na Obote, alikuwa ameandika humo kwamba majaji nao wanapaswa kufuata itikadi ya serikali iliyopo. Mayanja alimjibu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Jaji akishakuwa mfuasi wa chama, raia anayegombana na serikali hana pa kwenda. Akaongeza kwamba sheria nyingi za kikoloni za kuwabana watu zilikuwa bado zinatumika na serikali huru. Akagusa pia uvumi kwamba kuchelewa kuteuliwa kwa Waafrika katika Mahakama Kuu kulitokana na mambo ya ukabila.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia ndani. Oktoba 1968 Mayanja na Neogy walikamatwa, wakashitakiwa kwa uchochezi. Mbunge, wakili, anashitakiwa kwa barua aliyoiandika kwa jina lake mwenyewe katika jarida linalouzwa dukani.

Kesi ilisikilizwa Kampala mwanzoni mwa mwaka 1969. Mahakama iliyapima maandishi yale ikaona hakuna uchochezi. Februari 1969 washitakiwa wote wawili waliachiwa huru. Lakini furaha ya ndugu na marafiki haikufika mbali. Walikamatwa tena palepale, safari hii hawakushitakiwa kwa lolote, wakarudishwa kizuizini. Neogy alitoka mwezi Machi, akaondoka Uganda. Mayanja alikaa ndani mpaka mwaka 1970.

Sasa msomaji ajiulize: iliwezekanaje? Mahakama imesema mtu huyu hana kosa, polisi anamchukua mlangoni, na hakimu hana la kufanya. Jibu ni ile hali ya hatari ya mwaka 1966. Ilikuwa na kanuni zilizoiruhusu serikali kumshikilia mtu bila ya mashitaka. Na hali ile haikujiongeza yenyewe. Kila muda wake ulipokaribia kwisha ilipelekwa bungeni, na wabunge wakanyoosha mikono. Mayanja alishinda kesi kwa hakimu, akashindwa kwa mikono ya wenzake aliokuwa akikaa nao kwenye viti vilevile.

Hapa ndipo ninapoyakataa maneno ya barazani kwetu. Tunadhani haki inapatikana mahakamani. Hakimu anaamua kwa sheria aliyopewa, na sheria hiyo hupikwa bungeni. Ikipikwa mbovu, wakili bora na hakimu mwadilifu hawakusaidii. Barabara ikiharibika greda huletwa. Sheria mbaya inaweza kukaa miaka 30 na wanaoiondoa wasiwe wale walioipitisha. Sisi wenyewe tunao ushahidi. Bunge letu la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, hata mwaka wa uhuru haujatimia vizuri. Watu walikaa ndani, wengine wazee wetu waliopigania uhuru huohuo. Ilipofika mwaka 1992 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na hiyo ikiwemo. Miaka 30 ilikuwa imepita. Walioinua mikono mwaka 1962 wengi wao walikuwa watu wema. Hawakuuliza tu maswali ambayo Mayanja aliyauliza mwaka 1967.

Sitaki kumfanya Mayanja malaika. Idi Amin alipomwondoa Obote tarehe 25 Januari 1971, Mayanja alikubali uwaziri katika serikali yake, kwanza Elimu, baadaye Kazi. Ni kweli kwamba Buganda nzima ilikuwa ikishangilia wakati ule, na yeye alikuwa ametoka kizuizini miezi michache tu kabla. Lakini alikuwa mwanasheria, na alijua kuliko wengine kwamba Amin alianza kwa kuliondoa Bunge. Aliondolewa katika uwaziri mwaka 1972, mwaka ambao Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, naye wakili aliyewahi kuwa kiongozi wa serikali, alichukuliwa na askari ndani ya Mahakama Kuu mwezi Septemba, asionekane tena. Aliyesema mwaka 1968 kwamba jaji asiwe mtumishi wa chama aliishi kuiona siku ambayo jaji hana hata roho yake.

Yoweri Museveni alipochukua nchi mwaka 1986 Mayanja alirudi serikalini, akawa Waziri wa Habari, kisha Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu akiwa pia mmoja wa Naibu Mawaziri Wakuu, mpaka mwaka 1994. Wapo waliosema ulimi wake ulipoa alipokalia kiti kikubwa. Huenda. Madaraka huwapoza wengi. Ndiyo sababu mimi nampima mtu wa sheria kwa yale aliyoyasema akiwa hana cha kupata na ana kila kitu cha kupoteza. Kwa kipimo hicho mwaka 1967 na 1968 unatosha kumpa Mayanja nafasi yake katika historia. Alifariki Novemba 2005, akiwa na umri wa miaka 76.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Kidodi, na wa kwingineko, tunapokutana na mgombea tusimuulize habari za lami na mabomba peke yake. Tumuulize: muswada ukija wa kumpa mkubwa madaraka ya kumfunga mtu bila ya hakimu, utanyoosha mkono au utasimama? Na kijana wetu anayesoma sheria asidharauliwe kwa kuwa kazi yake ni maneno. Maneno ndiyo yaliyomtia Mayanja kizuizini, maana wenye nguvu wanajua thamani yake kuliko sisi.

Allah amrehemu Abubakar Mayanja, amsamehe alipokosea, na ampe malipo ya neno la haki alilolisema. Amin.