Koitalel arap Samoei: Maisha yaliyosimuliwa na muuaji wake

KOITALEL arap Samoei hakuuona mji wa Eldoret, ulioanza kwa kituo cha posta mwaka wa 1910, miaka mitano baada ya kifo chake. Babake, Kimnyole arap Turukat, aliuawa mwaka wa 1890. Naye Koitalel akawa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, akaongoza upinzani wao dhidi ya Waingereza na reli yao.

Oktoba 19, 1905, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Afisa huyo alidai alijihami, na uchunguzi wa kijeshi ukamwondolea lawama. Shajara yake ya Kenya ilichapishwa mwaka wa 1957. Baadaye watafiti walibaini kwamba alighushi rekodi za ndege, wakazitilia shaka hata shajara zake.

Hilo ni onyo kwa watunzi wa riwaya za kihistoria. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni kijana wa Kinandi aliyesimama kando ya Koitalel siku hiyo, akampa jina, mama na hofu. Asichoruhusiwa ni kuyapokea masimulizi ya muuaji kana kwamba ndiyo historia yenyewe. Fimbo za Koitalel zilirejeshwa Kenya mwaka wa 2006. Kuirejesha sauti yake ni kazi ya kalamu.