Msalaba wa Shaba na Askari wa Keya

Hapa Machakos, ambako vijana wengi walitoka kwenda Keya, watoto huniuliza nishani kubwa ya Mwingereza ilikuwaje. Huwajibu kwa maisha ya Nigel Leakey.

Alizaliwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1913, naye ni binamu wa Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa sajini wa Keya.

Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, Uhabeshi, vifaru vya Waitaliano viliwashambulia. Leakey alikirukia kimoja, akafungua kifuniko, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva. Kisha akaviendea vingine kwa miguu, pamoja na sajini-meja Mwafrika na askari wenziwe. Akadandia kifaru kingine, na hapo risasi zikamwangusha.

Mwaka 1945 akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Nishani hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1856, haina dhahabu wala kito: ni shaba nyeusi, simba juu ya taji, na utepe wa rangi ya damu ya mzee. Ilikusudiwa isibague cheo, jemadari na askari wa chini wawe sawa.

Naam, ushujaa wake siupunguzi. Lakini taarifa iliyomsifu haikuwataja kwa majina Waafrika waliokwenda naye, na wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, enyi watoto, ulizeni nyumbani majina ya babu zenu wa Keya, muyaandike kabla hayajapotea.