Christy Ring na Kombe la Reli

Katika nchi ya Ayalandi, upande wa kusini karibu na bahari, kuna kijiji kiitwacho Cloyne, katika wilaya ya Cork. Huko ndiko alikozaliwa Christy Ring mwaka 1920. Hakuwa mwana wa tajiri, na alipokuwa mtu mzima kazi yake ilikuwa kuendesha lori. Hata hivyo jina lake lilijulikana katika nchi yote, na alipokufa maelfu ya watu walimsindikiza kaburini. Habari zake ni hizi.

Watu wa Ayalandi wana mchezo wao wa kale uitwao halingi. Kila upande una wachezaji 15, na kila mmoja hushika gongo la mti lililo pana mwishoni, apate kupigia mpira mdogo wa ngozi. Mpira huo huruka upesi mno, na mwoga hawezi kuufuata. Ukiingia golini chini ya mwamba ni bao, na bao moja ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja. Wachezaji hawapati mshahara. Siku za kazi kila mtu huwa shambani mwake au kazini kwake, na mchezo huwa baada ya kazi.

Tangu zamani nchi hiyo ina majimbo manne: Munster, Leinster, Connacht na Ulster. Mwaka 1927 yalianza mashindano ya majimbo hayo, na kwa kuwa kombe lilitolewa na kampuni ya reli, likaitwa Kombe la Reli. Kwa miaka mingi mchezo wa mwisho ulichezwa mjini Dublin, katika kiwanja cha Croke Park, tarehe 17 Machi, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick.

Kombe hili lilikuwa na ugumu wake. Katika miezi ya joto watu wa Cork walishindana vikali na jirani zao wa Tipperary na Limerick, ambao ni wa jimbo lilo hilo la Munster. Lakini ulipofika wakati wa Kombe la Reli, mahasimu hao walivaa nguo za namna moja na kucheza pamoja. Mtu aliyekuzuia kwa nguvu mwaka uliopita, sasa huna budi kumpa mpira. Asiyeweza kusahau kinyongo hakufaa katika timu ya jimbo.

Ring aliweza. Alipata nishani yake ya kwanza ya kombe hilo mwaka 1942, na tangu hapo Munster walishinda karibu kila mwaka. Lakini hakuna mtu ashindaye siku zote. Mwezi wa Machi 1954 walikusanyika watazamaji 49,023, na mbele ya macho yao Munster wakashindwa na Leinster. Ring hakukata tamaa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule aliiongoza Cork kuwa bingwa wa nchi nzima, akapata nishani yake ya nane ya ubingwa huo.

Mwaka 1956 aliitafuta ya tisa. Cork walicheza na Wexford, na karibu na mwisho Ring alipiga mpira kwa nguvu, lakini mlinzi wa goli akauzuia. Kwa pigo hilo tumaini la Cork likaisha. Ring angeweza kukasirika. Badala yake alimpa mlinzi yule mkono. Mchezo ulipokwisha, wachezaji wawili wa Wexford walimwinua begani, wakamtoa kiwanjani kwa heshima. Walioshinda walimbeba aliyeshindwa! Wala hawakufanya hivyo kwa kumhurumia, bali kwa kuwa walimjua ni mtu wa namna gani.

Wengi walidhani siku zake zimekwisha, lakini ikaja Machi ya 1957, na Munster wakalichukua tena Kombe la Reli, na mwaka 1958 vivyo hivyo. Mwaka 1959 walifika mchezo wa mwisho na Connacht. Ring alikuwa na umri wa miaka 38, na wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuweka magongo yao. Siku hiyo Munster walipata mabao 7 na pointi 11, na Connacht mabao 2 na pointi 6. Katika hesabu ya Munster, mabao 4 na pointi 5 yalikuwa ya Ring peke yake, yaani zaidi ya nusu.

Nishani yake ya mwisho ya kombe hilo aliipata mwaka 1963, akiwa na miaka 42. Katika miaka 22 alikuwa amelichukua mara 18.

Christy Ring alikufa ghafula mjini Cork tarehe 2 Machi 1979, akazikwa Cloyne kijijini kwake. Kaburini alisemewa na Jack Lynch, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi wakati huo, ambaye zamani walicheza pamoja.

Basi, wanafunzi, kushinda ni kuzuri, na nishani 18 si kitu kidogo. Lakini kumbukeni pia siku ile ya 1956, alipobebwa na watu wa upande wa pili. Heshima ya namna hiyo haimo katika kombe lo lote. Mtu huipata kwa jinsi anavyowatendea wenziwe siku anaposhindwa.