Elisha Otis

Elisha Graves Otis (Halifax, Vermont, 3 Agosti 1811 – Yonkers, New York, 8 Aprili 1861) alikuwa fundi na mvumbuzi wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni breki inayozuia lifti isianguke kamba yake inapokatika. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiye mvumbuzi wa lifti, lakini vyombo vya kupandisha mizigo kwa kamba vilikuwepo tangu zamani za Warumi. Alichoongeza yeye ni usalama.

Maisha ya awali

Otis alikuwa kitinda mimba katika familia ya wakulima yenye watoto sita. Alipofikia umri wa miaka 19 aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi mjini Troy, New York. Mwaka 1834 alimwoa Susan Houghton, wakapata wana wawili, Charles na Norton. Aliporudi Vermont alijenga kinu cha kusaga nafaka. Kilipokosa faida alikigeuza kuwa cha kupasulia mbao, kisha akaunda magari ya farasi. Mke wake alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Baadaye alioa tena.

Mjini Albany aliajiriwa katika kiwanda cha vitanda, ambako alibuni mashine iliyoharakisha kazi. Alifungua pia karakana yake iliyoendeshwa kwa maji ya kijito, lakini mji ulipoyachukua maji hayo kwa matumizi ya wakazi, alilazimika kuifunga.

Breki ya usalama

Mwaka 1852 Otis alikuwa Yonkers akisimamia matayarisho ya kiwanda kipya cha vitanda. Ilibidi mizigo mizito ipandishwe hadi ghorofa za juu, na wakati ule kamba ikikatika jukwaa lilianguka pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake.

Otis aliweka springi ya chuma, kama ile ya gari la farasi, juu ya jukwaa na kuifunga kamba kwenye springi hiyo. Uzito wa jukwaa uliifanya springi ipinde wakati wote kamba ilipokaza. Kamba ikikatika, springi ilinyooka na ncha zake zikanasa katika meno ya reli zilizosimama pande mbili. Jukwaa likasimama papo hapo.

Wanunuzi walikuwa wachache mwanzoni. Mwaka 1854, katika maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watu, kisha kamba ikakatwa. Jukwaa lilishuka kidogo tu likanasa. Tangu hapo maagizo yaliongezeka.

Tarehe 23 Machi 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ilianza kazi katika duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano katika barabara ya Broadway, New York. Iliendeshwa kwa injini ya mvuke.

Kifo na urithi

Otis alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo akiwa na umri wa miaka 49, kabla ya kuona majengo marefu yaliyowezekana kutokana na kazi yake. Wanawe waliendeleza biashara, na kampuni yao ilitengeneza baadhi ya lifti za Mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889.

Lifti za leo hutumia breki za muundo mwingine, lakini kanuni ni ileile: breki hukaa kwenye chumba chenyewe na kushika reli, hivyo usalama wa abiria hautegemei kamba peke yake.