Mwana Kupona: Wosia wa mjane wa Siyu

MWAKA wa 1275 wa Hijria, yaani 1858, mwanamke mmoja wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, alimwita binti yake aketi karibu naye na aje na wino na karatasi. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Mumewe alikuwa amekwisha fariki, na mji wao ulikuwa haujapatana na Zanzibar. Binti huyo, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Mama mwenyewe ni Mwana Kupona binti Mshamu. Maneno aliyomwachia mwanawe ndiyo Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti 102, ambao hadi leo hautajwi ushairi wa Kiswahili bila wenyewe kutajwa.

Mwana Kupona alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, akiwa mke wake wa mwisho, wakajaliwa watoto wawili. Anayefika Siyu leo hukuta kijiji kitulivu na ngome kubwa kando ya maji. Zama zile ulikuwa mji wa wanazuoni, wachonga milango, mafundi wa ngozi na waandishi walionakili Misahafu kwa mkono kwa ustadi wa ajabu. Mji wenye fahari ya namna hiyo haukuwa tayari kumwinamia Seyyid Said, aliyekuwa amehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat.

Bwana Mataka aliongoza ukaidi huo kwa miaka mingi. Kati ya 1844 na 1845 Seyyid Said alituma jeshi kubwa Pate chini ya amiri wake, Hamad bin Ahmed Al Busaidi. Jeshi hilo lilishindwa na amiri mwenyewe akauawa. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid alirithi ugomvi huo pamoja na kiti.

Vitabu vya historia huhesabu majahazi na mizinga. Havisemi sana juu ya waliokuwa ndani ya nyumba za mawe. Huko walikaa wanawake wa kiungwana ambao desturi haikuwaruhusu kutoka ovyo, wakingoja habari za waume, wana na ndugu zao. Mwana Kupona alikuwa mmoja wao. Ajabu ni kwamba katika utenzi wake hamna makelele ya vita wala hamna kisasi.

Mna nini, basi? Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa ni somo la mke kumtii mumewe, na wako wanaomlaumu mtunzi kwa hilo. Kweli, yamo. Anamweleza mwanawe kuwa kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Anamwonya juu ya wajinga na umbeya, anamtaka awe na adabu na uso wa bashasha kwa watu. Lakini msomaji akiishia hapo atakuwa ameliacha fungu zima la mwisho, ambalo ni dua. Mgonjwa huyu, ambaye jina lake lenyewe ni kupona, anamwomba Mola amwondolee maradhi, awalinde wanawe na kuwahifadhi jamaa zake. Kwa maoni yangu, huo ndio moyo wa utenzi. Mama aliyekwisha mpoteza mlinzi wa nyumba anampa binti yake mali isiyoweza kutekwa.

Miaka 84 baadaye, mbali na Pate, msichana wa Kiyahudi aitwaye Anne Frank alijificha na jamaa zake katika nyumba moja mjini Amsterdam kwa kuwahofia Wanazi, tangu Julai 1942 hadi Agosti 1944, huku akiandika shajara. Yeye alifia kambini Bergen-Belsen mwaka 1945, na baba yake, Otto, aliyenusurika, akayachapisha maandishi hayo mwaka 1947. Kule baba alibaki na karatasi za binti. Huku Pate binti ndiye aliyebaki na karatasi za mama.

Mwana Kupona hakupona. Alifariki miaka michache tu baada ya kuutunga wosia huo. Mwaka 1863 Siyu ikasalimu amri kwa Seyyid Majid, na Mohamed, mwana wa Bwana Mataka aliyeshika uongozi baada ya baba yake, akafia kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mwana Hashima aliishi miongo mingi zaidi. Utenzi aliotungiwa ulinakiliwa kwa herufi za Kiarabu, ukapita mikononi mwa wanawake wa Lamu, mpaka Mwingereza Alice Werner alipouchapisha mwaka 1917, kisha tena mwaka 1934 pamoja na William Hichens. Mwana Kupona alikuwa amekwisha watazamia wasomaji wengine. Kabla ya kuweka kalamu chini, aliwageukia wanawake wote akawataka nao wausome.