James Whale: Mateka wa Vita Aliyetengeneza Filamu ya Kutisha

Wengi wameitazama filamu ya Frankenstein, iliyotolewa Marekani mwaka 1931, wakatetemeka. Wachache wajua kwamba mwongozaji wake, James Whale, alikuwa mtoto wa kibarua na askari aliyeonja utumwa wa mateka. Maisha yake twayasimulia leo kwa ajili ya ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwani yamo mafunzo yawahusuyo.

Whale alizaliwa tarehe 22 Julai 1889 katika mji wa Dudley, Uingereza, penye viwanda vya chuma. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia chuma, na mama yake alikuwa muuguzi. Watoto walikuwa saba, na fedha za kumweka shuleni hazikuwapo. Akawa fundi viatu. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa hodari, aliandika pia vibao vya matangazo, na ujira huo ukamlipia masomo ya jioni ya uchoraji.

Mwaka 1915 alijiandikisha jeshini, na mwaka 1916 akapewa cheo cha luteni usu katika Rejimenti ya Worcestershire. Kabla ya vita hivyo, uofisa katika jeshi la Uingereza ulikuwa karibu haki ya wana wa matajiri. Maofisa wengi walipouawa, nafasi zikawafungukia wengine, na mtoto wa kibarua akaketi meza moja na mabwana. Agosti 1917 alitekwa na Wajerumani huko Flanders, akafungwa katika kambi ya Holzminden. Humo mateka walicheza michezo ya kuigiza ili wasikate tamaa, na Whale akaipata kazi ya maisha yake.

Mwaka 1928, mjini London, aliongoza mchezo wa Journey's End wa R. C. Sherriff, uhusuo maofisa ndani ya handaki. Sifa za mchezo huo zilimfikisha Hollywood. Kufikia wakati huo alikuwa amejifunza matamshi na adabu za waungwana, hata wengi wakamdhania amezaliwa miongoni mwao.

Sasa tuutazame mwanzo wa Frankenstein. Kengele yalia, wafiwa wamezunguka kaburi. Nyuma ya ua wamejificha watu wawili: Henry Frankenstein, mwana wa baroni, na Fritz, mtumishi wake mwenye kibiongo. Bwana anakisukuma chini kichwa cha mtumishi asionekane. Mchimba kaburi, akiisha kufukia, anawasha kiko chake na kwenda zake. Ndipo wawili hao wanapoufukua mwili. Kisha wafika penye mti wa kunyongea, na Henry anamwamuru Fritz apande akaikate kamba. Fritz aogopa, lakini apanda. Dakika chache tu zimepita, nasi twajua tayari nani ana amri, nani ana woga, na nani atakayetumwa kuiba. Baadaye Fritz, aliyezoea kuonewa, analitesa kwa moto lile jitu lililoumbwa, naye anauawa nalo; bwana wake anaokoka.

Katika Bride of Frankenstein, ya mwaka 1935, Whale alianza na Lord Byron na rafiki zake wakistarehe katika jumba la fahari, kisha akatuonyesha wanakijiji wakiutazama moto.

Whale aliugua kiharusi mwaka 1956, na tarehe 29 Mei 1957 alijiua kwa kujizamisha katika bwawa la kuogelea nyumbani kwake Los Angeles.

Sisi twaona kwamba mtu huyu alizijua pande zote mbili za amri: alikuwa wa chini akatumwa, akawa ofisa akatuma. Mwenye cheo aamuruye uovu, kisha akamwacha mdogo wake abebe hatari, hana heshima. Naye aliyeonewa na mkubwa, akalipiza kwa mnyonge aliyefungwa mikononi mwake, amejichimbia kaburi lake mwenyewe.