Arthur Holmes: Bwana Aliyeyatafutia Mawe Nasaba

Sisi watu wa pwani ni watu wa nasaba. Mtu akija kuposa, kabla hajaulizwa kazi yake huulizwa ni mwana wa nani, na babake ni mwana wa nani, mpaka silsila ifike pale wazee watakaporidhika. Leo nataka kumzungumza bwana mmoja aliyetumia umri wake kuyatafutia nasaba mawe, na mengi ya mawe hayo ni ya kwetu. Jina lake Arthur Holmes, Mwingereza, aliyezaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na mji wa Newcastle, akafariki London tarehe 20 Septemba 1965.

Kilichonitia hamu ya kumtafuta bwana huyu ni Isiolo. Nilikuwa nimekwenda huko kwa shughuli za gazeti, nikakaa Kiwanjani, mtaa ulio jirani na kiwanja cha ndege. Ukitazama kusini unaona Nyambene na Mlima Kenya, milima ya volkano yenye mawe meusi. Ukishika njia ya kaskazini kuelekea Archer's Post unakutana na vilima vya namna nyingine kabisa: mawe ya kijivu yenye mistari mieupe na mieusi, iliyopindana kama mkeka uliokunjwa vibaya. Mzee mmoja wa Kiborana niliyekunywa naye chai alitaka kujua kwangu, mimi mtu wa magazeti, ni mawe yapi yaliyotangulia kuwako, yale ya kusini au haya ya kaskazini. Swali la mzee yule ndilo swali alilolibeba Holmes maisha yake yote.

Alipokuwa kijana, wataalamu hawakuwa na jibu la kutosha. Lord Kelvin, bingwa mkubwa wa fizikia, mwaka 1897 alikuwa amekata kwamba dunia nzima haizidi umri wa miaka baina ya milioni 20 na milioni 40. Aliifanyia hesabu kama chungu kilichoepuliwa motoni kikaachwa kipoe. Waliosoma mawe waliona muda huo ni mfupi mno, lakini hawakuwa na kipimo cha kumjibu.

Holmes alikwenda London mwaka 1907 kusoma fizikia, kisha akavutwa na jiolojia. Elimu mbili hizo ndizo zilizompa ufunguo. Wakati huo ilikwisha julikana kwamba madini ya urani hayatulii: chembe zake hugeuka moja moja, pasipo haraka wala kusita, mpaka zikawa risasi. Leo tunajua kwamba nusu ya urani ya namna iliyo nyingi zaidi hugeuka katika muda wa miaka milioni 4,468. Na mwamba uliozaliwa na moto, unapopoa na kuganda, hujenga ndani yake vipande vidogo vya madini. Kimoja huitwa zirikoni, nacho kina tabia ya ajabu: kinapozaliwa huipokea urani na kuikataa risasi. Basi risasi utakayoikuta ndani yake baadaye haikutoka nje, imezaliwa humo humo. Ukipima risasi na ukapima urani iliyosalia, umeujua umri wa mwamba. Kwetu husemwa kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Huku jiwe lenyewe limefunga hesabu ya kila papo.

Kwa njia hiyo Holmes aliupa mwamba mmoja wa Norway umri wa miaka milioni 370, na mwingine wa Ceylon miaka milioni 1,640. Makala yake ilisomwa mbele ya wataalamu wa London mwezi wa Aprili 1911. Yeye mwenyewe hakuwepo. Alikuwa na miaka 21 tu, na alikuwa amekuja huku kwetu, pwani ya Afrika.

Umaskini ndio uliomleta. Posho yake ya masomo ilikuwa pauni 60 kwa mwaka na madeni yalimwandama, na kampuni moja ya kutafuta madini ikamuahidi pauni 35 kwa mwezi. Wakampeleka Memba, kaskazini ya Msumbiji, juu kidogo ya kile kisiwa ambacho manahodha wetu wamekijua tangu zamani. Madini ya faida hakuyapata. Alichokipata ni homa ya malaria, kali hata ikapelekwa habari Uingereza kwamba amekufa. Lakini ajali yake haijafika. Alinyanyuka, akarudi kwao akiwa na homa iliyokuwa ikimrudia, na kumbukumbu ya mawe ya kijivu yenye mistari.

Mwaka 1913 akatoa kitabu chake juu ya umri wa dunia. Ungedhani milango ya riziki ingemfungukia. La. Mwaka 1920 alikwenda Burma kufanya kazi na kampuni ya mafuta. Kampuni ikaanguka, na mwanawe wa miaka mitatu akafa kwa kuhara damu huko huko ugenini. Holmes akarejea kwao mikono mitupu, bila mtoto na bila kazi. Mwaka 1924 ndipo Chuo Kikuu cha Durham kilipomwita kuongoza idara ya jiolojia.

Hapo akawaza jambo lililowachekesha wengi. Alisema kwamba chini ya ardhi, mawe yenye joto huzunguka polepole kama uji unaochemka, na mzunguko huo ndio unaoyasukuma mabara, ukayatenga hapa na kuyagonganisha kule. Alilichapisha wazo hilo mwaka 1931. Miaka thelathini na zaidi ilipita kabla wataalamu hawajaanza kumkubalia, naye hakuishi kuona wote wakikubali.

Mwaka 1943 alihamia Edinburgh, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kikubwa kilichosomesha kizazi kizima cha wanajiolojia. Mkewe wa pili, Doris Reynolds, naye alikuwa bingwa wa mawe. Bibi huyu alisimama kidete kwamba granaiti si lazima itokane na ujiuji wa moto, bali aghalabu ni mawe ya kale yaliyogeuzwa umbo na umajimaji uliopenya ndani yake. Majaribio ya baadaye yaliwapa nguvu wale waliosema ni moto.

Wakati huo wote Holmes hakuisahau Afrika. Alikusanya vipimo vya mawe kutoka nchi mbalimbali za bara hili, akaona kwamba yale ya Msumbiji yana ndugu. Mwaka 1951 akauchora ukanda mmoja wa milima ya kale iliyokwisha lika, unaopanda kutoka Msumbiji, ukapita Tanganyika na Kenya kuelekea Uhabeshi. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Vilima vya kaskazini ya Isiolo vimo ndani yake.

Waliomfuata wameikamilisha nasaba hiyo. Wanatwambia kwamba palikuwa na bahari, na mabara mawili yakaifunga kwa kugongana, baina ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita. Masalio ya sakafu ya bahari hiyo yameonekana Baragoi na Moyale. Hutambulikana kwa kemia: mawe ya sakafu ya bahari yana chuma na magnesi kwa wingi na silika kidogo, na granaiti za bara ni kinyume chake. Tanzanaiti ya Merelani na vito vya kijani vya Taita navyo vilipikwa katika mgongano huo.

Basi mzee wangu wa Kiborana jibu lake ni hili. Mawe ya Mlima Kenya yana miaka kama milioni 3. Yale ya kaskazini ni babu wa mababu zake. Na matumbawe tuliyojengea nyumba zetu Mombasa, tunayoyaona ya kale, ni ya jana tu, miaka kama 125,000.

Nasaba hii haikomi Uhabeshi. Ukanda huo huungana na miamba ya Sudan, ukavuka Bahari ya Shamu mpaka Hijazi, na vile vilima vikavu ambavyo mahujaji wetu huviona wakiingia Makka ni vya ukoo huo huo. Na jina la ukanda ni letu pia, kwani husimuliwa kwamba Msumbiji imeitwa kwa jina la mtawala Mwislamu wa kile kisiwa, Musa bin Biki. Holmes alitumia jina aliloliona katika ramani. Sisi tunaojua kuulizana nasaba tunajua lilikotoka, na ni juu yetu kuwafundisha watoto wetu vyote viwili, jina na jiwe.